Nishani ya Dorie Miller

Usiku huu nimekaa na picha ya tarehe 27 Mei 1942. Admirali Chester Nimitz anambandika nishani kifuani kijana mweusi, mrefu, aliyenyooka ndani ya sare nyeupe. Wapo Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani kule Hawaii, juu ya manowari Enterprise. Kijana ni Doris Miller, ambaye wengi walimwita Dorie, mtoto wa wakulima wa Waco, Texas.

Ninachokifikiria zaidi ni kazi yake. Alipojiunga na jeshi la majini la Marekani mwaka 1939, mtu mweusi alikuwa anapelekwa jikoni na mezani kuwahudumia maofisa. Asubuhi ya 7 Desemba 1941 alikuwa anakusanya nguo chafu ndani ya manowari West Virginia, palepale Pearl Harbor, ndege za Japani zikaanza kushambulia. Akaitwa juu akamsaidie Kapteni Mervyn Bennion, ambaye tumbo lilikuwa limepasuliwa na kipande cha chuma. Kapteni alikataa kuiacha meli yake, akafia palepale. Miller akashika bombomu ya kutungulia ndege. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuitumia; alikuwa amewaona wenzake tu wakifyatua. Akapiga mpaka risasi zikaisha, kisha akaenda kuwavuta majeruhi katika maji yaliyojaa mafuta.

Halafu, jamani, taarifa za mwanzo zikamtaja kama mtu mweusi tu, bila jina! Magazeti ya Wamarekani weusi, hasa Pittsburgh Courier, yalishikilia suala hilo mpaka jina likajulikana. Bila wao sidhani kama picha hii ingekuwepo. Akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa Msalaba wa Jeshi la Majini.

Na baada ya sherehe? Alipandishwa cheo, lakini kulekule jikoni. Tarehe 24 Novemba 1943 nyambizi ya Japani iliipiga meli ya Liscome Bay karibu na visiwa vya Gilbert, wakafa zaidi ya watu 600. Miller alikuwemo, mpishi, umri miaka 24.

Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba meli mpya ya kubeba ndege za kivita itapewa jina lake. Nimefurahi kwa dhati. Ila mimi ningetaka apewe mafunzo ya ile bombomu mwaka uleule wa 1942, akiwa hai, na nafasi ya kusimama nyuma yake kwa amri halali.