Dakika 90 Ndani ya Louvre

Tulitoka kwenye treni ya chini ya ardhi katika kituo cha Palais Royal – Musée du Louvre saa 2:30 asubuhi, siku ya Jumatano, tayari kwa ziara ya kuongozwa ya dakika 90 katika makumbusho ya Louvre. Siku hiyo tuliichagua makusudi. Jumanne Louvre haifunguliwi, na mgeni anayepanga siku mbili tatu za Paris bila kulijua hilo huishia kuipiga picha piramidi ya kioo kwa nje. Jumatano na Ijumaa makumbusho hukaa wazi hadi usiku, hivyo ziara ya asubuhi ikimalizika bado kuna saa nyingi za kuzunguka peke yako. Saa hizo ni mali, maana ukishatoka nje huwezi kurudi tena kwa tiketi ileile.

Tiketi hununuliwa mtandaoni na huandikwa saa ya kuingia. Kiingilio kilikuwa yuro 17, kikapanda hadi 22 Januari 2024, na tangu Januari 2026 mgeni anayetoka nje ya Eneo la Uchumi la Ulaya hulipa 32. Wenye umri chini ya miaka 18 huingia bure, ila nao wakatiwe nafasi ya saa. Ziara ya kuongozwa ina malipo yake. Kabla ya kulipa, soma vizuri kama bei hiyo imebeba na kiingilio, kwa kuwa wako wauzaji wanaotenganisha viwili hivyo na mteja hushtukia langoni. Angalia pia kundi lina watu wangapi. Wakizidi 20 hivi, wa nyuma hufika mbele ya sanamu wakati wa mbele wanaondoka.

Begi lililozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 halipiti. Begi dogo la mgongoni hupita kwenye mashine ya ukaguzi, lakini ni heri kuliacha katika makabati ya bure yaliyo chini ya piramidi, kwa sababu kwenye vyumba vyenye msongamano litakuwa linagonga watu kila ukigeuka. Flashi na kijiti cha selfi haviruhusiwi.

Piramidi yenyewe, kazi ya msanifu majengo I. M. Pei iliyozinduliwa 1989, ina kimo cha mita 21 na ushee. Wengi huiona kama pambo, kumbe ni kifuniko cha ukumbi mkubwa wa chini ya ardhi ulioyapa mabawa yote ya kasri mlango mmoja. Ukishuka hapo unakuta ngazi za umeme zinazopanda kuelekea pande tatu: Denon upande wa kusini, Richelieu kaskazini, Sully mashariki. Aliyeyashika majina hayo matatu hapotei sana. Asiyeyashika atatembea kilomita bure, na mwili utamchoka kabla ya macho.

Mahali pa kukutania na kiongozi ni katika ukumbi huohuo. Kila mtu hupewa kipokezi kidogo na hedfoni, maana viongozi hawaruhusiwi kupaza sauti. Kijaribu pale pale, kabla kundi halijaondoka. Rekebisha sauti, sikiliza kama haikwaruzi, hakikisha namba ya chaneli ni ya kiongozi wako. Sauti ikianza kukatika njiani, mara nyingi kifaa hakijaharibika. Ni wewe uliyebaki nyuma ya ukuta. Sogea hadi umwone kiongozi, itarudi.

Tuliingia kupitia Sully, na kituo cha kwanza hakikuwa mchoro wala sanamu. Kilikuwa ukuta. Mfalme Philippe Auguste alianza kujenga ngome hapa mnamo 1190, na misingi yake ilifukuliwa wakati wa kazi za miaka ya 1980. Unatembea pale palipokuwa handaki la maji, mawe makubwa yakiwa ubavuni mwako. Yakaribie. Baadhi yamechongwa alama za waashi, na nyingine zina umbo la moyo. Ziara nyingi fupi huparuka hapa ili kuwahi Mona Lisa. Sioni faida yake: dakika nne za hapa ndizo zinazokueleza kwa nini jengo hili lina kona zisizotabirika. Lilikuwa ngome, likawa kasri la wafalme, na likafunguliwa kwa umma kama makumbusho tarehe 10 Agosti 1793, katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa.

Kutoka hapo tulipanda hadi kwa Venus wa Milo. Sanamu hii ilipatikana 1820 katika kisiwa cha Milos huko Ugiriki, na Mfalme Louis wa 18 akaikabidhi Louvre mwaka uliofuata. Ina urefu wa mita 2.04. Watu hujipanga mbele yake, wakapiga picha, wakaondoka, ilhali yenyewe imewekwa wazi pande zote ili izungukwe. Zunguka. Ukifika ubavuni, tazama nyonga, pale nguo inapoanza kukunjamana: sanamu hii haikuchongwa katika jiwe moja. Ni mapande mawili makubwa ya marumaru, la juu na la chini, na mchongaji aliuficha muungano ndani ya mikunjo ya nguo. Masikio yana matundu, dalili kwamba zamani alivalishwa vito halisi. Mikono haijulikani ilikuwa imeshika nini, na kiongozi mzuri hukuonyesha mabega yanavyoelekea, akakuacha uikamilishe mwenyewe.

Kituo kilichofuata ndicho ningekiongezea muda kama ningepanga ziara hii: Nike wa Samothrace, mungu wa kike wa ushindi, juu ya ngazi za Daru. Alichongwa karne ya 2 kabla ya Kristo. Mfaransa Charles Champoiseau alimfukua 1863 akiwa vipande vipande. Amesimama juu ya omo, sehemu ya mbele ya meli, upepo wa bahari ukimbandika nguo tumboni na kuipeperusha nyuma ya miguu. Meli ni ya marumaru ya kijivu ya Rhodes, mwili ni marumaru nyeupe ya Paros, na hata kwa mbali rangi hizo mbili zinatofautiana.

Sasa, usisimame katikati ya ngazi. Sogea kulia kwako, karibu na ukuta, umtazame mshazari. Mchongaji alikusudia aonekane kutoka upande huo: ubavu wake wa kushoto, unaokutazama ukiwa hapo, umechongwa kwa undani, ilhali wa kulia umeachwa rahisi zaidi. Tena bawa la kulia si la kale. Ni la plasta, lililotengenezwa kwa kufuata umbo la lile la kushoto kinyumenyume. Ukishalijua hilo, jicho lako linabadilika. Unaanza kutafuta ni wapi jiwe linaishia na ni wapi fundi wa makumbusho alianzia. Katika kabati la kioo lililo karibu kuna mkono wake wa kulia, uliopatikana 1950. Wengi hupita bila kugeuza shingo.

Kutoka kwa Nike, kata kulia uelekee kwenye michoro ya Kiitalia, hadi Grande Galerie, ukumbi mrefu kama barabara. Hapa ndipo ziara nyingi huharibika. Kundi limeshanusa Mona Lisa, mwendo unaongezeka, na watu wanazipita kazi nyingine za Leonardo da Vinci zilizotundikwa ukutani bila foleni: Bikira wa Majabalini, Mtakatifu Anna, Yohana Mbatizaji. Kiongozi wetu alitusimamisha mbele ya Yohana na kutuonyesha jinsi shavu linavyoingia gizani bila mstari wowote. Ni tabaka nyembamba mno za rangi ya mafuta, moja juu ya nyingine, hadi mpaka wa kivuli unapotea. Mbinu hiyo jifunze hapa, mita moja kutoka kwenye mchoro, kwa sababu mbele ya Mona Lisa hutaiona.

Na kweli hutaiona. Mona Lisa ana urefu wa sentimita 77 na upana wa sentimita 53, amechorwa kwenye ubao wa mpopla, na yumo ndani ya kabati lenye kioo kisichopenya risasi, nyuma ya kizuizi kinachokuweka mita kadhaa mbali. Watu wanaofika kumwona kwa siku moja hukaribia 20,000. Foleni ya ndani ya chumba huzunguka kwa kamba, walinzi wanasukuma mwendo, na ukifika mbele una nusu dakika au chini ya hapo. Kundi haliwezi kusimama hapo likahubiriwa, kwa hiyo kiongozi husema yote kabla, mkaachana, kisha mkakutana mlango wa kutokea. Lishikeni kwa uzito agizo la mahali pa kukutana. Ndipo watu wanapopotezana.

Umaarufu huu una kisa chake. Tarehe 21 Agosti 1911, siku ya Jumatatu ambayo makumbusho yalikuwa yamefungwa, Vincenzo Peruggia, fundi Mwitaliano aliyewahi kufanya kazi humo, aliutoa mchoro ukutani akaondoka nao. Haikugundulika hadi kesho yake. Aliuficha Paris miaka miwili, akanaswa Florence Desemba 1913 alipojaribu kuuuza. Katika kipindi hicho magazeti yaliuchapisha uso ule dunia nzima, na watu walipanga foleni kutazama ukuta mtupu. Januari 2025 Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba mchoro huu utahamishiwa chumba chake peke yake. Itakuwa nafuu, hasa kwa mchoro unaoangaliana nao.

Huo ni Arusi ya Kana ya Veronese, mkubwa kuliko michoro yote ya Louvre: mita 6.77 kwa 9.94. Ugeuze mgongo kwa Mona Lisa uone. Uliagizwa 1562 na watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice, kwa ajili ya ukumbi wao wa kulia chakula, na Veronese akaukabidhi 1563. Jeshi la Napoléon liliuchukua 1797, haukurudi. Yesu ameketi katikati kabisa ya meza, lakini wanamuziki wako mbele yake, mhudumu anamimina mtungi upande wa kulia, na juu ya kichwa chake, nyuma ya ukuta wa baraza, kuna mtu anakata nyama. Ukishautazama dakika tano, ule msongamano unaousikia nyuma yako unakuwa kama mwendelezo wa karamu.

Vyumba vyenye kuta nyekundu vina michoro mikubwa ya Kifaransa, na hapa kasi ya kundi ipungue. Kutawazwa kwa Napoléon, kazi ya Jacques-Louis David, una mama yake Napoléon ameketi katikati kwa fahari. Siku ya sherehe, tarehe 2 Desemba 1804, hakuwepo. Uhuru Akiwaongoza Watu wa Delacroix, wa 1830, ulirudi ukutani Mei 2024 baada ya kusafishwa, na anga lake limepata tena buluu na weupe uliokuwa umezibwa na vanishi iliyogeuka njano.

Lakini simama zaidi kwenye Chelezo cha Méduse cha Théodore Géricault, cha 1819, karibu mita 5 kwa 7. Julai 1816 meli ya Ufaransa, Méduse, ikielekea Saint-Louis nchini Senegal, ilipanda mchangani karibu na pwani ya Mauritania. Watu wapatao 147 walipakiwa kwenye chelezo cha mbao na kuachwa baharini. Baada ya siku 13 walipatikana 15 hai. Anza kuutazama chini kushoto, kwa mzee aliyemshika kijana aliyekufa, kisha panda na miili hadi kileleni, kwa mtu mweusi anayepunga kitambaa. Aliyesimama kama kielelezo chake aliitwa Joseph, mzaliwa wa Haiti. Fuata anakotazama: kwenye upeo wa macho kuna alama ndogo kama ukucha. Ndiyo Argus, meli iliyowaokoa. Usipoonyeshwa, utaikosa. Mchoro umekuwa mweusi kuliko ulivyotoka mkononi mwa Géricault kwa sababu alichanganya lami kwenye rangi, na lami hiyo huendelea kutia giza na kupasuka. Hakuna usafishaji unaoweza kuirudisha.

Ziara iliishia ghorofa ya chini ya Denon, kwa sanamu mbili za watumwa, kazi ya Michelangelo, zilizokusudiwa kaburi la Papa Julius II na kuachwa bila kumalizika. Alama za patasi zinaonekana wazi. Mmoja wao ana ufa uliopita usoni. Tukarudisha hedfoni, saa ikionyesha dakika 96.

Wengi wa kundi walielekea nje. Waliobaki walifanya jambo ambalo ziara fupi haiwezi kulifanya: walivuka hadi bawa la Richelieu, wakapanda ghorofa ya 2, kwenye michoro ya Kiholanzi. Huko kuna Mfuma Lesi wa Vermeer, sentimita 24 kwa 21, mdogo kama ukurasa wa daftari, bila kizuizi cha kamba za foleni. Vidole vya msichana vimechorwa kwa ukali na nyuzi anazozivuta ni nyembamba kama unywele. Ila mbele yake, nyuzi nyekundu na nyeupe zinazotoka kwenye mto wa kushonea si nyuzi hata kidogo. Ni matone ya rangi, yamemwagika kwenye kitambaa cha buluu.