Kabla ya Kupewa Jina

Nimekuwa mlinzi wa usiku kwa miaka 14. Naingia zamu saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, nalala hadi saa saba mchana, na muda unaobaki nachora. Picha zangu hazina mtu, mti wala nyumba. Zina mabaka ya rangi, mistari, na sehemu pana nilizoziacha tupu kwa makusudi. Nyuma ya kila turubai kuna ubeti mmoja wa shairi, nimeuandika kwa penseli.

Sikusomea uchoraji wala ushairi. Nikilisema hilo, watu hunitazama kwa huruma kidogo, kisha huigeukia picha na kuuliza, "Sasa hii ni nini?" Hata mpwa wangu, ambaye hunisaidia kuosha brashi, aliwahi kuniuliza, "Mjomba, ungechora ng'ombe si kila mtu angejua ni ng'ombe?" Swali lake ni la haki. Siku ile nilishindwa kumjibu, kwa sababu jibu langu linaanzia kwenye kibanda cha getini, saa kumi na moja alfajiri, naye wakati huo huwa amelala.

Mbele ya kibanda chetu kuna kitalu cha maua mekundu. Usiku ukiwa mzito hakuna maua pale, kuna weusi juu ya weusi. Kisha, muda mrefu kabla ya jua, majani huanza kuonekana. Hayaji na umbo la jani, yanakuja kama bonge la kitu cheupecheupe kinachoelea. Maua yenyewe yanabaki meusi kama makaa. Nimekaa nikiyatazama asubuhi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara jani hutangulia, ua hufuata mwisho kabisa. Mchana lile ua ndilo linaloita macho ya kila mpita njia, lakini alfajiri jani linalishinda.

Kwa miaka nilidhani ni macho yangu yamechoka. Baadaye nikasoma kwamba jambo hili lina jina la mtu: Jan Purkyně, mwanasayansi kutoka Bohemia (Ucheki ya leo), aliyeandika kulihusu mwaka 1825 baada ya kuona jinsi rangi zinavyobadilika mapambazuko. Ndani ya jicho kuna aina mbili za seli za kupokea mwanga. Zile za gizani, takriban milioni 120, hazitofautishi rangi, na wekundu karibu haziuoni kabisa. Zile za rangi ni kama milioni 6 tu, nazo zinahitaji mwanga wa kutosha ndipo zifanye kazi. Ndiyo maana ua jekundu husubiri. Nilifurahi sana siku ile, furaha ya mtu aliyekuwa akishuku macho yake halafu akakuta kuna mwenzake aliyeona vilevile karibu miaka 200 iliyopita.

Hicho ndicho ninachochora. Kuna dakika chache kila alfajiri ambapo jicho limeshaona kitu lakini kichwa hakijasema "jani", "ukuta", "baiskeli". Kuna uzito hapa, wepesi pale, ubaridi upande ule. Jina likishafika, naacha kutazama. Nikichora ng'ombe, mpwa wangu atasema "ng'ombe" na kuendelea na safari yake. Nataka asimame kidogo kabla ya neno.

Kulijua ninalotaka kuchora hakukunisaidia kulichora. Miaka miwili ya kwanza kila picha iliishia kwenye rangi ya tope. Nilikuwa na tyubu 12 na nilizitumia zote kila siku, kwa hofu kwamba nikiacha moja nitakuwa nimepunguza kitu. Nyekundu ikikutana na kijani zinazimana, njano ikikutana na zambarau zinazimana, na ukiendelea kuchanganya kwa matumaini unapata tope juu ya tope. Hakukuwa na mtu wa kuniambia. Hapa ndipo anayejifunza mwenyewe hulipa gharama kubwa. Maarifa yapo, vitabu vipo, video zipo tele. Unachokosa ni mtu wa kusimama nyuma yako na kukuambia neno moja wakati brashi bado iko hewani.

Mwishowe nilizifungia tyubu tisa kwenye sanduku na kwa mwaka mzima nikachora kwa tatu tu: bluu ya ultramarini, kahawia ya udongo uliochomwa, na nyeupe. Bluu ile na kahawia ile zikikutana zinatoa weusi wenye uhai kuliko ule wa kwenye tyubu. Ukiongeza bluu kidogo unakuwa usiku, ukiongeza kahawia unakuwa ukuta wenye joto. Nilijaza daftari zima la vipande vidogo vya michanganyiko, kila kimoja na uwiano wake pembeni. Nilijifunza pia kwamba neno ultramarini linatoka kwenye Kilatini, maana yake ng'ambo ya bahari, kwa sababu hapo kale bluu hiyo ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililosafirishwa Ulaya kutoka mbali sana. Siku hizi hutengenezwa kiwandani, lakini jina limebaki na safari yake. Nililibeba neno lile zamuni usiku ule na likazaa shairi.

Picha yangu ya kwanza niliyoipenda kwa moyo wote ilibanduka. Nilikuwa nimechora kwa rangi za mafuta, kisha, kwa haraka ya kutaka kumaliza, nikapaka akriliki, rangi inayochanganywa na maji, juu yake. Ilipendeza kwa miezi kadhaa. Halafu kona ya juu ikaanza kujikunja kama ganda, nikagusa kwa kidole, na kipande kikubwa kama kiganja kikadondoka. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Inakauka polepole kwa kuvuta oksijeni hewani, na uso wake una utelezi ambao akriliki haiwezi kuushika. Akriliki inaweza kwenda chini na mafuta juu, lakini usigeuze. Na katika mafuta yenyewe, tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo la juu litakauka mapema na kupasuka. Turubai nayo ipakwe rangi ya msingi kwanza, kwa maana mafuta ya kitani yakigusa kitambaa kitupu hukiozesha. Yote haya yameandikwa vitabuni. Mimi niliyasoma baada ya kulia. Kipande kile kilichodondoka bado ninacho, kwenye bahasha.

Upande wa ushairi sikuwa peke yangu kiasi hicho. Kwa miaka sita nilipokezana zamu na mzee mmoja aliyejua beti nyingi kwa moyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Hakuandika. Alikuwa na sikio. Jioni moja, akiwa anasubiri gari, nilimsomea ubeti nilioutunga usiku kuhusu yale maua. Alisikiliza akiwa amefumba macho, vidole vikihesabu kwenye goti. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, mstari wa tatu unachechemea."

Nilikuwa nimeandika "Ua jekundu huchelewa". Hesabu: u-a-je-ku-ndu-hu-che-le-wa. Mizani, yaani silabi, ni 9 mahali pa 8, na kina, ile sauti inayofanana mwishoni mwa vipande, nacho kimepotea. Nilibishana. Nikasema maana imekaa vizuri. Akasema maana haijalalamika, mguu ndio unaolalamika. Siku tatu baadaye nikampelekea huu:

Giza linapoondoka, rangi bado zi njiani,
Jani huwahi kuzuka, likang'aa uwanjani,
Ua jekundu lafika, mwisho wa wote kundini,
Nani ajuaye rangi, kabla ya kupewa jina?

Hakusifu. Alitikisa kichwa mara moja kukubali na kupanda gari.

Sina ugomvi na wanaotunga bila mizani na vina. Nami nimetunga hivyo na nitatunga tena. Lakini bila ule ubeti nisingejua kuchora. Sikio la yule mzee lilinifundisha kuitazama picha kwa kutafuta mahali panapochechemea. Niliacha kujiuliza kama picha ni nzuri, swali ambalo usiku wa manane halina jibu. Nikaanza kujiuliza upande gani umebeba silabi tisa. Baka la bluu likiwa zito mno kushoto, jicho linaangukia kule na kukataa kurudi. Mstari mmoja wa zaidi unafanya kazi ileile ya silabi ya zaidi. Na kibwagizo, ule mstari unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, nacho nilikihamishia kwenye rangi: naitafuta rangi moja, ndogo, inayorudi mara tatu au nne ndani ya picha, ili jicho linapozunguka likute kitu linachokikumbuka. Wazee walioiita mizani hawakukosea jina. Ni kupima.

Kuna mchoraji mmoja ambaye maisha yake nayarudia kila nikichoka, Etel Adnan. Alizaliwa Beirut mwaka 1925, akawa mshairi, akafundisha falsafa California. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwalimu mwenzake wa sanaa alimuuliza anawezaje kufundisha falsafa ya sanaa bila kuchora. Akajibu kwamba mama yake alimwambia hana mikono ya kazi hiyo. Mwenzake akamuuliza, nawe ukamwamini? Akaanza na vipande vidogo vya turubai, akipaka rangi kwa kisu badala ya brashi, turubai ikiwa imelazwa mezani. Mlima mmoja, Tamalpais, aliuchora tena na tena kwa miongo. Dunia ya sanaa ilimtambua kwa upana mwaka 2012, kwenye maonyesho ya Documenta kule Kassel, Ujerumani, akiwa na miaka 87. Alifariki mwaka 2021. Sijamtaja ili kujilinganisha naye. Nimemtaja kwa sababu ya ule mlima. Mtu aliyesoma falsafa, mwenye lugha kadhaa mdomoni, alirudi kwenye mlima uleule kwa sababu hakuwa amemaliza kuuona. Mimi nina kitalu cha maua, na siamini tena kwamba ni kidogo.

Mzee alistaafu mwaka juzi. Mwezi uliopita nilimtembelea, nikabeba chini ya kwapa picha niliyoifanyia kazi tangu mwanzo wa mwaka: weusi wa bluu na kahawia karibu uso wote, kijivu cha kijani kinachoinuka kulia, na chini, mahali pamoja tu, wekundu uliofifishwa hadi unakaribia kuwa mweusi. Sikuwahi kumwonyesha picha kabla ya hapo. Alikuwa akisema hizo si kazi za sikio.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

Niliiegemeza ukutani. Aliitazama kwa muda mrefu sana, mkono mmoja juu ya goti. Nikaona vidole vinatembea, kidole gumba kikigusa cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, kisha kikirudi. Hakuniuliza ni nini.

"Hapa juu kushoto," akasema, "panachechemea."

Nikatazama. Palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu niliouweka mwezi wa tatu na kuupenda sana, hata nikawa nauzunguka kila nilipopaka kitu kingine.

Picha iko mezani sasa, imelazwa. Nimechanganya ultramarini na kahawia mpaka nikapata weusi ule wa upande wa kushoto, nikaujaribu pembeni ya gazeti mara mbili. Kisu kiko kando. Mstari bado upo.