Serikali ijenge uwanja, mwimbaji tumlipe sisi

Ubishi kuhusu fedha za Serikali kuingia katika matamasha makubwa ya muziki hauishi hapa Mwanza. Likitangazwa tamasha na ikasikika kwamba kuna fungu la umma ndani yake, utausikia mwaloni Kirumba, utaukuta kwenye daladala za Buhongwa, na jioni utakusubiri mtandaoni. Upande mmoja huuliza kwa nini fedha hizo hazikununua madawati na dawa. Upande wa pili hujibu kwamba hoteli zitajaa, bodaboda watapata abiria, mama lishe watauza na jina la mkoa litavuma. Binafsi naona pande zote mbili zinabishania kiasi cha fedha, ilhali jambo la kubishania ni kitu ambacho fedha hizo zinanunua.

Hoja ya madawati ndiyo husemwa kwa sauti ya juu. Ina huruma ndani yake, lakini ukiifuata hadi mwisho itazima kila kisicho chakula wala dawa, na sisi wenyewe hatuiamini, kwa maana tunaitumia kwa kuchagua. Mwaka 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoanza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, nchi nzima iliimba “goli la Mama”, na mtaani kwangu sikumsikia mtu aliyeyageuza magoli hayo kuwa madawati. Vivyo hivyo, maandalizi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 wengi wetu tunayaona kuwa heshima kwa nchi. Kama mpira unastahili kubebwa na umma, ngoma nayo haina sababu ya kuachwa barabarani.

Hoja ya mama lishe nayo ni kweli nusu. Biashara ipo usiku huo, lakini mara nyingi mdhamini wa vinywaji amekwisha kupewa haki ya kuuza peke yake ndani, na mama mwenye beseni la samaki wa kukaanga husukumwa nje ya uzio, gizani, mbali na geti.

Huku Usukumani tunayo namna ya kale ya kulipima tamasha. Baada ya mavuno, msimu wa mbina, yaani mashindano ya ngoma, unapofika, kundi la Bagika na kundi la Bagalu huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake na manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo. Kwa desturi, jaji ni watazamaji wenyewe: vumbi likishaanza kupanda, kila mtu huenda anakovutiwa, na kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Ndiyo maana wachezaji hawaachi kubuni. Huyu ataibuka na chatu shingoni, yule atatoa sanamu ya mti ambayo hukuitarajia, na wacheza bugobogobo watarusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Utaona umati ukimeguka upande mmoja na kuhamia upande wa pili, wanaoondoka wakicheka, na manju aliyeachwa akibadilisha wimbo upesi upesi ili awarudishe. Pale Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la majira ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ushindani huu bado unaonekana kwa macho.

Fedha za Serikali zinapoingia kwa mtindo tuliouzoea, kipimo hicho hufa. Msanii ameshalipwa kabla hajapanda jukwaani, na aliyemlipa hayupo kwenye vumbi. Yuko chini ya turubai, kwenye kiti kilichovalishwa kitambaa cheupe, na mshereheshaji, spika na wapiga picha wote wamegeukia huko. Katika uwanja mmoja wa hapa jijini nilishuhudia kikundi cha ngoma kilichosafiri tangu alfajiri kikimsubiri mgeni rasmi hadi jioni, kisha kikapewa dakika chache za kucheza wakati viongozi wakipanga utaratibu wa salamu, tena kwa kipaza sauti kimoja kilichowekwa mbali na ngoma zenyewe. Malipo yao yalikuwa nauli na soda. Nyota aliyetoka Dar es Salaam, ambaye aliimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, alikuwa na mkataba. Ilipofika saa 3 usiku watu walianza kuondoka kwa makundi. Kwenye mbina kuondoka huko kungekuwa hukumu. Pale hakukubadilisha chochote, kwa sababu malipo yalishatoka.

Nigeria ililijaribu jambo hili kwa ukubwa unaokumbukwa hadi leo. Kati ya Januari 15 na Februari 12, 1977, serikali ya kijeshi ya Olusegun Obasanjo ilifanya FESTAC mjini Lagos, tamasha la sanaa la watu weusi wa dunia nzima, lililobebwa na fedha za mafuta. Ulijengwa ukumbi mkubwa wa taifa wa maonyesho huko Iganmu, na ukajengwa mji mzima wa kuwalaza wageni. Mwanamuziki Fela Kuti, aliyekuwamo katika maandalizi, alijitoa kwa kupinga namna yalivyoendeshwa, akaendelea kupiga muziki katika klabu yake, na wageni walioletwa kwa fedha za Serikali wakawa wanatoka kwenye shughuli rasmi kwenda kumsikiliza yeye. Msukuma yeyote angelitambua shindano hilo na mshindi wake. Serikali haikulipokea kwa kicheko: Februari 18, siku 6 tu baada ya tamasha kufungwa, wanajeshi waliivamia nyumba ya Fela na kuichoma moto. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wageni, hata hivyo, zina wakazi mpaka sasa, na eneo hilo bado linaitwa Festac Town.

Wanaotaka Serikali ikae kando kabisa nao wana la kujibu. Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na kuzoeleka Ngome Kongwe, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Na ubalozi wa Norway, uliokuwa mfadhili wake mkubwa, ulipomaliza ufadhili mwaka 2022, waandaaji walilazimika kubisha hodi upya kwenye milango ya wafadhili. Hilo ni tamasha ambalo muziki wake wote hupigwa moja kwa moja, na kila Februari huwavuta wageni kutoka nchi nyingi. Kama viingilio havikulitosha hilo, havitaitosha mbina ya Magu.

Kwa hiyo ninachodai si ndiyo wala hapana. Fedha za umma zilipie kile ambacho mwimbaji hawezi kuondoka nacho: umeme wa uhakika ili tuachane na jenereta za kukodi, taa, vyoo, mifereji ya maji ya mvua, na mafunzo kwa vijana wetu wa mitambo ya sauti. Viwekwe Nyamagana, ambao ni uwanja wa jiji, kwa kuwa CCM Kirumba, pamoja na ukubwa wake, ni mali ya chama, na huo ni ubishi mwingine ambao leo sina hamu nao. Mwimbaji mwenyewe alipwe na kiingilio chetu, ili awe na sababu ya kututazama sisi.

Linalonikera kuliko yote ni njia ambayo fedha hizi hupitia. Fungu lililopitishwa na baraza la madiwani angalau lina kifungu chake, na mkaguzi anaweza kuliulizia. Michango inayoombwa kwa taasisi za umma kwa jina la “wadau” hutawanyika: huku inaandikwa matangazo, kule inaandikwa msaada kwa jamii, na hakuna ukurasa mmoja ambao mwananchi anaweza kuusoma akajua usiku ule umegharimu kiasi gani. Jumla hiyo ibandikwe ofisi ya kata kabla ya tamasha, pamoja na malipo ya kila msanii, wa mbali na wa hapa.

Najua nitaambiwa kwamba bila Serikali nyota wakubwa hawatafika kwetu. Tamasha la muziki la Fiesta limekuwa likija Mwanza kwa wadhamini na viingilio, na watu wanajaa. Wasiopata mdhamini ni wacheza ngoma wa Magu na Kwimba, ambao kila mwaka wanachangishana nauli ya lori.