Mtutu mpya, nati ya zamani

Nilinunua bunduki iliyotumika hapa Texas, Savage 110 ya kaliba .308, na mtutu wake ulikuwa umechoka. Nikaagiza mwingine ambao tayari umekatwa chemba, yaani tundu la kukaa risasi. Uzuri wa Savage ni ile nati inayoubana mtutu: Remington 700 ya kawaida haina, ndiyo maana watu huipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kukereza.

Nikahakikisha haina risasi, nikatoa komeo (kile kipande kinachofunga chemba kwa nyuma), nikaibana bunduki kwenye jiliwa. Nati ikagoma. Nikaipaka mafuta ya kulegeza kutu, nikalala. Asubuhi nikavuta tena spana, ikalia "kak!" mke wangu akaja mbio kutoka jikoni.

Kuufunga mtutu mpya si kazi, kazi ni kipimo cha nafasi ya risasi kati ya chemba na komeo. Unaweka chembani geji ya kwanza, kipande cha chuma chenye umbo la risasi, ya inchi 1.630, unafunga komeo, kisha unauzungusha mtutu kwa mkono mpaka uguse geji. Ndipo unakaza nati. Geji ya pili, 1.634, komeo lisikubali kufunga. Tofauti yake ni kama unene wa karatasi.

Langu likafunga! Nati ilipokazwa iliuvuta mtutu mbele kidogo. Nikalegeza, nikarudia, mara ya tatu likakataa. Sijawahi kufurahia kitu kukataa kiasi kile.

Na usiazime geji za kaliba nyingine, hata jirani akisema "zinakaribiana".

Jumamosi naenda nayo rangeni.