Nilivyopambana na mabadiliko ya zoni mtaani kwetu bila kuingia kwenye kelele za ghorofa

Lilipotoka tangazo kwamba mtaa unatolewa kwenye zoni (yaani eneo la mji lenye masharti yake ya nini kijengwe) ya nyumba moja kwa kiwanja unapelekwa zoni ya msongamano wa kati, ile inayoruhusu majengo ya fleti ya floo chache, mtaa mzima ukachafuka kabla hata watu hawajalisoma, hawa wanasema thamani ya nyumba zetu imekwisha, wale wanasema nyie mshajenga ndo maana hamtaki wenzenu wapate pa kukaa, na kila mtu anaongelea ghorofa tu. Mi nikaenda ofisi ya mipango miji kuomba lile jedwali la masharti ya ujenzi linaloambatana na ramani. Ramani yenyewe ni rangi tu, haikwambii kitakachosimama hapo jirani yako.

Kwenye jedwali kuna namba mbili, nazo ndo kila kitu. Ya kwanza ploti resho, yaani sakafu zote za jengo ukizijumlisha zinaruhusiwa kuwa mara ngapi ya ukubwa wa kiwanja. Ya pili ni asilimia ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Nikapiga hesabu: kiwanja cha mita za mraba 600, ploti resho 1.5, unapata sakafu ya mita 900. Ukifunika nusu ya kiwanja unapata floo tatu za mita 300, ukifunika asilimia 30 zinakuwa floo tano za mita 180. Familia ni zilezile, sakafu ni ileile, ila kwenye hizo floo tano zinabaki mita 420 za ardhi wazi, miti inapata pa kusimama na mvua inapata pa kuzama. Majirani walikuwa wanapigania jengo liwe fupi wakati shida yao kubwa ni mafuriko, yaani walikuwa wanaomba kitu kitakachowaletea maji mlangoni!

Halafu kuna parking, hii mi naiona ndo sharti baya kuliko yote. Gari moja pamoja na nafasi ya kugeuza linakula kama mita 25 hadi 30 za ardhi. Ukilazimisha kila fleti iwe na nafasi yake, fleti kumi zinameza karibu nusu ya hicho kiwanja cha 600, na mwenye kujenga atalipisha wapangaji hiyo ardhi hata wasio na gari. Mji wa Buffalo kule Marekani ulifuta kima cha chini cha parking mwaka 2017, kwa hiyo nilivyopendekeza na sisi tukifute sikuonekana nimelitunga.

Sikungoja siku ya kikao cha wazi nikapige kelele, nikaandika maoni mapema, kurasa mbili, nikataja kifungu na namba ninayotaka ibadilike. Afisa mipango hawezi kufanya lolote na sentensi ya "hatutaki", ila ukimwandikia asilimia 50 iwe 40 lazima aijibu. Nikapita pia kwa majirani wanaopinga, mmojammoja, nyumbani kwao, maana mbele za watu hakuna anayekubali kubadili mawazo. Wengi hoja zao zilikuwa za kweli kabisa, bomba la maji taka ni dogo, kivuli kitaangukia uani.

Kwa wanaoogopa mtaa kugeuka usiku mmoja niliwapa mfano wa Minneapolis, Marekani hukohuko. Ule mji uliruhusu hadi nyumba tatu kwa kiwanja kuanzia 2020, na zilizojengwa za aina hiyo zilikuwa chache, nyumba nyingi mpya zilitoka kwenye majengo makubwa kandokando ya barabara kuu. Wale waliokuwa wanasema zoni haibadilishi chochote nao nikawatajia Auckland kule New Zealand, 2016 waliruhusu nyumba nyingi zaidi kwenye kama robo tatu ya ardhi ya makazi na vibali vya ujenzi vikapanda sana baada ya hapo. (Dharau kwa wapangaji ni ya zamani sana lakini, hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1926 iliyobariki zoni iliziita fleti kupe.)

Mwishowe halmashauri ikapitisha floo nne, kufunika asilimia 40, parking nafasi moja kwa fleti mbili, na upande unaopakana na nyumba isiyo ya ghorofa floo ya juu irudi nyuma. Sio vyote nilivyoomba, mi parking nilitaka ifutwe kabisa. Kuhusu maji taka wameweka sharti kwamba kibali hakitoki bila barua ya mamlaka ya maji kuthibitisha bomba linatosha, sasa hivi tunavutana nani alipie kulipanua, anayejenga wa kwanza au wote watakaofuata, na mi nimeshaandika tena kupendekeza mchango ukokotolewe kwa kila mita ya sakafu.