Jaribu keneli yoyote unayotaka, bora ya zamani isitoke

Kuna watu wengi najua wanaogopa kugusa keneli ya Linux (ule moyo wa mfumo wenye unaongea na hadiwea) kuliko vile wanaogopa kufomati mashine yote, na mimi naona wamegeuza mambo juu chini. Kufomati ndio hukula vitu zako. Keneli ni faili moja imekaa kwa /boot inaitwa vmlinuz na namba yake, kando yake kuna initrd (faili ya kuisaidia kuwaka), alafu draiva zake ziko kwa folda yake huko /lib/modules. Ukiinstoli ingine, ile ya kwanza haifutwi, zinakaa zote pamoja kama wapangaji wa ploti moja, kila mtu na chumba chake, na picha zako na kazi zako huko /home hakuna mwenye anaguswa.

Kwa hivyo kabla hujaweka keneli mpya, jifunze kwanza kurudi kwa hii unatumia. Kwa Ubuntu menyu ya GRUB (programu yenye huwasha keneli) huwa imefichwa. Kama mashine ni ya BIOS ya kitambo shikilia Shift ikiwaka, kama ni UEFI (ile mpya yenye ilichukua nafasi ya BIOS) bonyeza Esc, uingie palipoandikwa Advanced options na utaona keneli zimejipanga. Chagua ya zamani, ikishawaka andika uname -r uone namba. Ukiweza hio mara moja, uoga nusu umeisha.

Lakini mbinu yenye napenda zaidi ni grub-reboot na sijui mbona watu hawaiongelei. Unaenda kwa /etc/default/grub unaweka GRUB_DEFAULT=saved, unarun update-grub, alafu kwa grub-set-default unataja keneli yenye unaamini, na utaje jina lake kamili vile liko kwa menyu, ukianza na jina la ile menyu ya Advanced options alafu alama ya >, usitumie namba, juu namba zinahama kila ukiongeza keneli ingine. Sasa ukitaka kujaribu mpya unatumia grub-reboot na jina lake, hio inabuti mpya mara moja tu. Ikikwama unazima na batani, ukiwasha inarudi yenyewe kwa ile ya kuaminika, ata kama skrini ilikuwa nyeusi na huoni menyu. Ukiongeza panic=10 kwa laini ya keneli (GRUB_CMDLINE_LINUX kwa faili ile ile), ikipaniki inajiriboot yenyewe baada ya sekunde 10. Kama /boot yako iko kwa LVM (mfumo wa kuunganisha na kugawa diski) achana na hii mbinu, GRUB haiwezi kuandika huko kwa hivyo haitasahau ile chaguo ya mara moja.

Sasa hizi mashine zetu za ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza. XanMod, watu wa kurekebisha keneli ya Linux iwe na spidi, wanatoa keneli kwa viwango vya prosesa, v2, v3 na kadhalika, na mtu akiona v3 anadhani kubwa ndio poa. Desktopu nyingi zinauzwa hapa tao, hizo OptiPlex 7010 za i5 ya third gen, hazina AVX2 (maagizo ya prosesa yenye v3 inahitaji), hio ilikuja na fourth gen mwaka wa 2013. Ukiweka v3 kwa hio mashine haitawaka. Andika lscpu uangalie kama avx2 iko, kama haiko chukua v2 na uendelee na maisha. Na ukweli usemwe, kwa kazi ya kawaida ya brauza na dokumenti sijaona tofauti ya kutisha kati ya XanMod, Liquorix (ingine kama hio) na ile ya kawaida ya distro, yaani yenye ilikuja na Ubuntu yako. Sababu nzuri ya kubadilisha ni kama una hadiwea mpya yenye keneli ya zamani haijui.

Kenye husumbua kweli ni draiva za nje. Kadi ya NVIDIA ya zamani au dongle ya waifai ya Realtek yenye draiva yake ulitoa GitHub, hizo DKMS (programu ya kujenga draiva) inazijenga upya kwa kila keneli, na inahitaji headers (faili za kujengea) za hio keneli, na saa zingine draiva ni ya kitambo inakataa tu. Ukibaki bila waifai chomeka simu na kebo ya USB uwashe tethering, draiva ya hio iko ndani ya keneli tayari. Secure Boot (ulinzi wa UEFI wakati wa kuwaka) nayo ikikataa keneli haina saini unaeza kuizima kwa BIOS, lakini kama uko na Windows yenye BitLocker (kufuli ya diski) tafuta recovery key kwanza, itakuuliza.

Stima ikipotea katikati ya kuinstoli, washa na keneli ya zamani alafu run dpkg --configure -a, imalizie.

Bakap ndio siwezi kubishana nayo. Desemba 2023 Debian (distro ingine) ilibidi waruke toleo la 12.3 waende moja kwa moja 12.4 juu keneli 6.1.64 ilikuwa na hitilafu ya kuharibu data kwa ext4 (mfumo wa faili wa Linux), na hio ni Debian, watu wa kuchukua muda wao. Hapo kurudi kwa keneli ya zamani hakurudishi faili zimeharibika. Na Timeshift (programu ya bakap ya mfumo) kwa kawaida haibebi /home, kwa hivyo kopi vitu zako kwa diski ya nje.

Ukitaka kutoka Linux kabisa, ujaribu keneli zingine kama FreeBSD ama Hurd (hio ilianzishwa 1990, mwaka mmoja kabla ya Linux, na mpaka leo 1.0 haijatoka), anza na VirtualBox ama QEMU, programu za kuigiza mashine ndani ya mashine yako. Shida ni kwamba huko ndani hutajua kama kadi yako ya picha inakubali. Kwa hio nunua SSD ndogo ya mtumba pale Luthuli, Nairobi, zima mashine, chomoa kebo ya SATA ya diski yako kuu, weka hii. Instola haiwezi kufuta diski yenye haioni. Haiku (mfumo mwingine wenye si Linux) nayo ata SSD haihitaji, ichome kwa flashi na uchague kujaribu bila kuinstoli, usimaunti tu diski yako ya Linux ukiwa huko.