Bahasha isiwe sababu ya mtu kukaa mbali

Jumamosi jumuiya yetu ndogo ya Kikristo hapa Moshi tulisali kwa bibi mmoja anayeishi chumba cha kupanga. Alikuwa ameacha kuja muda mrefu. Sababu yake? Hana cha kutia kwenye bahasha, na majina ya wasiochangia husomwa mbele ya watu. Alisema hayo akikunjakunja ncha ya kanga. Niliumia sana.

Novemba 16, 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, ukikaribia kufungwa, maaskofu wapatao 40 walisali Misa kwenye katakombe (makaburi ya kale ya chini ya ardhi) ya Domitilla, Roma, wakaahidi kuishi kama watu wa kawaida: nyumba, chakula, usafiri, bila vyeo vya kujikweza wala alama za dhahabu. Papa Fransisko naye akaweka Siku ya Maskini Duniani, ikaanza kuadhimishwa 2017. Mageuzi ya namna hiyo nayapenda kwa moyo wote, na nataka niyaone huku jumuiyani.

Basi tumekubaliana majina yasisomwe tena. Mfuko wetu nao ulipe kwanza kodi ya bibi, ndipo tuchangie ukumbi. Mzee mmoja alipinga, tukabishana mpaka chai ikapoa, mwishowe akaridhia. Wiki ijayo tunaanza na kodi.